Barua kutoka Kansas: Mwalimu Aambiwa Ajisifu

Ndugu zetu wa Tanga, Morogoro, Mombasa na kwingineko, tuko Kansas, jimbo la katikati ya Marekani, ambako ngano imelimwa mpaka macho yanapoishia na upepo haujui siku ya mapumziko. Waswahili wa huku wote hawajambo. Mwalimu naye hajambo, ila ana shida moja: ameambiwa ajisifu, na hajui aanzie wapi.

Mwalimu ndivyo anavyoitwa na watu wote, Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaokutana Kansas City kwenye harusi, misiba na pilau za Jumamosi. Ni mtu wa Pangani. Alichukua shahada ya ualimu wa sayansi Dar es Salaam, masomo yake kemia na fizikia. Akapangiwa sekondari moja ya kata mkoani Tanga. Akarudi kusoma uzamili. Na sasa yuko chuo kimoja hapa Kansas akitafuta uzamivu wa kemia. Ada halipi. Huku wanafunzi wengi wa uzamivu katika sayansi husamehewa ada na kupewa posho, nao hulipa fadhila hiyo kwa kusimamia maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Viza ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Saa anazokesha na utafiti wake hazimo kwenye hesabu hiyo, kwani zile huitwa kusoma.

Chuo kina ofisi ya kuwaandaa wanafunzi kwa ajira. Dada wa ofisi hiyo alipokea wasifu wa Mwalimu, akausoma, akamtazama kwa huruma. Kwenye sehemu ya uzoefu Mwalimu alikuwa ameandika: "Nilisaidia kidogo shughuli za maabara." Dada akamweleza kwa upole kwamba Marekani hakuna mtu anayesaidia kidogo. Watu huongoza, huasisi, hubuni, husimamia. Arudi nyumbani akaandike upya, na asiwe na aibu.

Mtoto wa Pangani, aliyelelewa akijua kwamba anayejisifu hadharani huombewa dua, akarudi chumbani na karatasi yake.

Akaanza na ile sekondari ya kata. Mtakumbuka kwamba mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wengi wenu mlichangishwa, wengine pesa, wengine mchanga na kokoto. Shule ya Mwalimu ilipata kuta, bati na madirisha. Meza zilifuata baadaye. Gesi haikufuata. Mwalimu akapewa ufunguo, na kwa ufunguo huo akawa mkuu wa maabara, fundi wa maabara na mlinzi wa maabara.

Asidi ya salfuriki aliitafuta kwa mafundi wa betri za magari, ambako hakuna anayeijua kwa jina hilo. Unaomba maji ya betri, unapimiwa kwenye chupa, unaondoka nayo ukiitanguliza mbali na suruali. Kiashirio kilipokwisha alichemsha choya, ile ile ya juisi, kwa sababu rangi yake hubaki nyekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye besi. Taa ya spiriti aliitengeneza kwa kopo la jemu na utambi. Pendulamu ilikuwa nati ya baiskeli kwenye uzi wa cherehani. Spiriti ikipungua kwenye kabati bila jaribio lolote kufanyika, mlinzi wa usiku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa.

Kisha kuna wiki ya mtihani wa taifa wa vitendo. Waliopita sekondari wanaijua: maelekezo ya Baraza la Mitihani yanayofunguliwa saa 24 kabla, mwalimu anakesha akipima chumvi na kuchanganya myeyusho, watahiniwa wanaingia kwa zamu, na wanaosubiri zamu wanafungiwa darasa la pili wasije wakapewa siri na waliotoka. Pipeti zilikuwa chache na mipira ya kuvutia haikuwepo kabisa, kwa hiyo watu walivuta kwa mdomo. Kuna kizazi kizima cha wanasayansi wetu kinachoijua ladha ya sodiamu hidroksaidi.

Mwalimu aliyatafakari hayo yote, akameza mate, akaandika: "Nilisimamia mnyororo wa ugavi wa kemikali hatarishi katika mazingira yenye rasilimali finyu." Dada wa ofisi ya ajira alifurahi mno.

Maabara ya Kansas ilimpokea kwa mitihani miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kuzungumza Kiingereza, kwani vyuo vingi vya huku humpima mgeni kabla ya kumkabidhi wanafunzi. Mtu aliyefundisha kwa Kiingereza katika shule yenye kibao cha kuwakataza watoto wasiongee Kiswahili akaketi mbele ya jopo kuthibitisha kwamba anakijua. Alifaulu. Wiki ya kwanza mwanafunzi mmoja akamwomba arudie neno lile lile mpaka Mwalimu akachoka, akalichora ubaoni. Lilikuwa chupa.

Wa pili ulikuwa wa usalama. Miwani, koti, glavu, bomba la kuoshea macho, bafu la dharura linalomwaga maji ukivuta mnyororo, kabati la kunyonya moshi. Na karatasi. Kila kemikali ina karatasi yake ya usalama yenye sehemu 16: inavyonuka, inavyowaka, inavyozimwa, ikimwagika ufanyeje. Mwalimu akaifungua ya sodiamu kloridi, akaisoma yote. Ikiingia machoni, suuza kwa maji. Ukiivuta kwa pua, toka ukapate hewa safi. Akawakumbuka akina mama wa mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Lindi, wanaoikusanya jua kali bila miwani wala glavu, na hawajawahi kupewa hata ukurasa mmoja.

Hata hivyo hakucheka kwa muda mrefu. Desemba 2008, katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Bomba likachomoka. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za viwandani, hakuwa na koti la maabara. Aliungua vibaya, na Januari akafariki. Kesi ilifika mahakamani, na tangu hapo maabara nyingi za Marekani zilikaza masharti. Mwalimu alipoisoma habari hiyo alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Sharti linalomsumbua zaidi ni la viatu. Kule Tanga watoto walikuja maabara na viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi, hata kama ndani soksi ni moja. Huku vijana wanakuja na kandambili, theluji ikiwa nje. Mwalimu huwarudisha mlangoni mmoja mmoja, nao humwita kwa jina lake la kwanza wakimwomba awaachie leo tu.

Halafu ipo siku ya taitresheni, na hiyo ndiyo siku yake.

Vijana wa huku hufungua koki ya bureti wakaangalia simu. Wakigeuka, chupa yote imekuwa zambarau na jaribio limekufa. Mwalimu huwaita wamzunguke. Mkono wa kushoto anaupitisha nyuma ya bureti akaishika koki kwa vidole, wa kulia unazungusha chupa bila kugonga ncha. Mwanzoni anaachia mkondo. Waridi likianza kuchelewa kupotea, anakaza, matone yanahesabika. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, na kwa watu wengi hapo ndipo mwisho wa ustadi. Yeye anaachia nusu ya tone lining'inie kwenye ncha, analigusisha ukutani mwa chupa, analisukuma ndani kwa maji safi ya chupa ya kubana, anazungusha mara moja. Kiashirio cha POP kinabadilika na kutulia kwenye rangi ya kanga ya pinki iliyofuliwa miaka, ile ambayo lazima uweke karatasi nyeupe chini ndipo uione. Anasoma namba. Anarudia. Namba ni ile ile.

Mwanafunzi mmoja aliuliza ni programu gani inayofundisha kufanya hivyo. Mwalimu akajibu kwamba ukiwa na asidi ya kuhesabu na watahiniwa themanini, kila tone lina mwenyewe.

Vijana hawa ni wema na werevu, ila kwenye maksi ni mawakili. Katika ripoti mtu anapima kwa rula ya shule akaandika jibu lenye tarakimu tisa baada ya nukta. Mwalimu anakata maksi, anaeleza kuhusu tarakimu zenye maana, hakuna anayejali. Mwisho wa muhula huyo huyo anaandika barua pepe usiku wa manane kwamba amepata 89.4, kwamba 89.4 kwa kweli ni 89.5, na 89.5 kwa mujibu wa kanuni za hisabati ni 90. Mwalimu huzihifadhi barua hizo. Anasema ndizo ushahidi pekee kwamba somo la kukadiria namba liliwaingia.

Likizo ya kiangazi alipewa zamu katika maabara ya fizikia, na huko akakutana tena na pendulamu, safari hii ya chuma kilichong'arishwa, yenye jicho la mwanga linalohesabu muda kwa sehemu za elfu za sekunde. Matokeo yakatoka 9.80. Mwalimu akatabasamu, maana Dar es Salaam mvutano wa dunia ni kama 9.78. Dunia imevimba kiunoni kwa ajili ya kuzunguka, kwa hiyo mtu wa karibu na Ikweta yuko mbali kidogo zaidi na kitovu chake, na ule mzunguko wenyewe unampunguzia uzito. Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hili mwaka 1672 alipopeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini: ilichelewa dakika mbili na nusu kila siku. Kwa hesabu hiyo, saa ya pendulamu iliyowekwa sawa Dar es Salaam ikifika Kansas itatangulia karibu dakika moja na nusu kwa siku. Mkija kutembea, wenye saa za ukutani za marehemu babu muwe na taarifa.

Mwalimu aliitumia fizikia hiyo hiyo kujitetea. Tangu afike amenenepa, na picha zimefika Pangani kabla ya maelezo. Akapiga hesabu: mtu wa kilo 70 akipanda Kansas juu ya mizani ya springi iliyorekebishwa Dar, itaonyesha gramu 130 na ushei zaidi bila yeye kula chochote. Kilo zilizobaki, aliwaambia ndugu zake, bado zinafanyiwa utafiti. Wanaoishi naye wanasema utafiti ule huletwa mlangoni ukiwa ndani ya boksi la kadibodi, una jibini juu.

Kuhusu baridi msiulize. Marekani bado wanapima kwa Farenhaiti, na mgeni huishi akitoa 32, akizidisha kwa tano, akigawa kwa tisa, huku masikio yakiganda. Kuna sehemu moja tu ambapo hesabu haihitajiki: vipimo hivi viwili hukutana kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Rekodi ya baridi ya Kansas, iliyopimwa kwenye mji mdogo wa Lebanon tarehe 13 Februari 1905, ni hiyo hiyo hasa, 40 chini ya sifuri. Mwalimu alipoisoma alisema angalau wazee wa siku ile hawakuwa na ubishi wa vipimo.

Ni baridi hiyo iliyomletea heshima asiyoitarajia. Siku moja ya Januari vijana walikuwa uani wakirusha hewani maji yaliyochemka ili yageuke ukungu wa barafu. Mmoja akasema hayo yanahusiana na Mpemba. Mwenzake akauliza Mpemba ni nani, akajibiwa kwa kujiamini kwamba alikuwa Mgiriki wa kale. Mwalimu akaweka vitabu chini kwenye theluji. Akawaeleza kwamba Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, mkoa ule ule wa Tanga, akitengeneza aiskrimu na wenzake kwa maziwa na sukari. Friza ilikuwa na nafasi chache, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu wake akamwambia amekosea, darasa likamcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali lile lile mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la kufundishia fizikia.

Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha kwamba katika majaribio yao na katika data walizopitia hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Wengine wakaendelea kuuona. Mwalimu anaipenda hali hiyo. Mtoto wa kidato cha tatu kuwashughulisha maprofesa kwa zaidi ya miaka 50, anasema, hilo ndilo la kuandika kwenye wasifu. Kijana aliyemtaja Mgiriki aliomba radhi, kisha akauliza kama jambo hilo litatoka kwenye mtihani.

Sehemu ya utafiti ya wasifu ilimchosha zaidi, kwa sababu ilimtaka aeleze alichokuwa akifanya Arusha. Wanaokaa miteremko ya Mlima Meru wanajua: maji ya visima na chemchemi hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi, mara nyingi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto hutoka ya kahawia. Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachosafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye hewa kidogo, inasagwa, na madini yaliyomo huiachia maji sehemu yake na kuishika floraidi. Uzamili wa Mwalimu ulihusu mkaa huo. Mama yake alipoambiwa na majirani kwamba mwanawe amesoma mpaka chuo kikuu na sasa anachoma mifupa Arusha, alimpigia simu shehe kabla ya kumpigia mtoto.

Basi Mwalimu akafika Kansas, akafungua bomba, akasoma taarifa ya maji ya mji wake, akakuta kwamba mamlaka inaongeza floraidi. Wanaitia kwa makusudi, na wanailipia! Chanzo cha desturi hiyo ni meno yale yale ya kahawia. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wana madoa meusi na ya kahawia, lakini meno yao hayaozi ovyo. Ilichukua mpaka 1931 kumjua mhusika kuwa ni floraidi ya majini. Watafiti wakajiuliza ni kiasi gani kinalinda jino bila kulitia doa, na mwaka 1945 Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza kuiongeza kwenye maji. Kiwango kinachopendekezwa Marekani sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Wengine hawataki kusikia: wapiga kura wa Wichita, mji mkubwa kuliko yote Kansas, waliikataa kwa kura mwaka 2012. Mwalimu alikuwa tayari kuwauzia mkaa wa mifupa, mpaka alipoelezwa kwamba wao wamekataa kuongezewa, hawana ya kuondoa.

Sasa sikieni habari ya gesi, maana hapo ndipo Kansas na nyumbani vinapokutana.

Utafiti wa Mwalimu unategemea mashine ya NMR, ndugu wa ile MRI ya hospitali. Ndani yake kuna sumaku ambayo waya wake hupitisha umeme bila ukinzani, ila lazima ukae ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi. Siku ya kujaza heliamu ni shughuli: bomba refu lenye kuta mbili, mvuke mweupe unaotambaa sakafuni, watu wazima wananong'ona. Heliamu ni ghali na hukimbia. Ikishapotea angani imekwenda, ni nyepesi mno kwa dunia kuishikilia.

Na wa kwanza kujua kwamba heliamu imo tele ardhini ni watu wa jimbo hili hili. Mei 1903, kwenye kijiji cha Dexter, walichimba kisima kikatoa gesi kwa nguvu na kelele kubwa. Dexter wakajiona matajiri. Wakaandaa sherehe, watu wakaja, hotuba zikasomwa, na kilele cha siku kikawa kuisogezea gesi robota la nyasi kavu linalowaka ili anga iangaze. Gesi ikauzima moto. Wakawasha tena, ikazima tena. Wageni wakarudi makwao.

Profesa mmoja wa jiolojia, Erasmus Haworth, alisikia kichekesho hicho akaomba aletewe mtungi wa gesi hiyo Lawrence, Chuo Kikuu cha Kansas. Wakemia Hamilton Cady na David McFarland wakaipima: zaidi ya asilimia 70 ilikuwa nitrojeni, ndiyo maana haikuwaka, lakini kulikuwa na baki wasilolielewa. Kuitenga gesi hiyo ngeni walitumia mkaa wa vifuu vya nazi, uliopozwa kwa hewa ya kimiminika. Mkaa huo ukiwa baridi kiasi hicho hunyonya gesi nyingine na kuiacha heliamu. Desemba 1905 wakaiona: asilimia 1.84 ya gesi ya Dexter ilikuwa heliamu, kitu ambacho mpaka wakati huo kilidhaniwa kuwa adimu sana duniani.

Mwalimu alipofika kwenye vifuu aliacha kusoma, akampigia mama yake. Mama akasema vifuu viko jikoni, anachochea navyo moto wa wali, kama Wamarekani wanavitaka waje na gari.

Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa kuna heliamu inayokadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54. Miamba ya kale ya Tanzania ina uranium na thorium zinazooza polepole na kutoa heliamu, na joto la volkano za Bonde la Ufa huifungulia njia ya kupanda juu. Tangu msimamizi wake wa utafiti aipate habari hiyo, kila bei ya heliamu inapopanda humfuata Mwalimu na kumuuliza kwa adabu kuhusu Rukwa, akidhani labda familia ina shamba huko. Mwalimu ni mtu wa Pangani, Rukwa anaijua kwa ramani. Hata hivyo hujibu kwa kujiamini kwamba mambo yanakwenda vizuri. Dada wa ofisi ya ajira aliposikia, akamwambia hatimaye ameelewa.

Kwa upande wa familia, tatizo ni ule udaktari. Pangani imeshaenea kwamba anarudi daktari, na foleni imeanza. Jirani ana presha, babu ana mgongo. Mjomba aliomba ushauri wa kitaalamu kuhusu mtambo wa kunereka. Mwalimu akamkumbusha kwamba gongo ni kosa kisheria, na kwamba methanoli, ile inayopofusha, huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli kwenye 78, karibu mno kwa bomba la baiskeli na pipa kuzitenganisha. Mjomba akasema yeye anauliza kwa ajili ya elimu tu.

Mwezi uliopita mama alitaka kumtumia magadi kwa mtu anayesafiri, kwa sababu Mwalimu alilalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Mwalimu akaruka: unga wa kijivu, kwenye mfuko usio na maandishi, uwanja wa ndege wa Marekani, mikononi mwa mtu wa watu! Akamweleza mama kwamba magadi yapo. Wyoming, jimbo la jirani ya jirani, karibu na mji wa Green River, kuna akiba ya magadi kubwa kuliko zote duniani, madini yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Na kwenye kabati la maabara yake kuna chupa ya sodiamu kaboneti safi kabisa, isipokuwa kitu cha maabara hakiliwi, hiyo ni sheria. Basi akanunua baikaboneti ya kuokea dukani, akaitandaza kwenye trei, akaiingiza ovenini kwa saa nzima. Maji na kaboni dioksidi vikatoka, na kila gramu 100 zikabaki gramu 63 za magadi meupe. Akatia chembe kwenye sufuria, maharage yakalainika.

"Shikamoo mama, nimetengeneza magadi mwenyewe," akampigia.

"Marahaba mwanangu. Yaani umevuka bahari, umesoma miaka yote hiyo, uje kupika magadi?"

"Ndiyo mama, lakini ni safi kuliko ya sokoni."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza huko kilo inakwenda shilingi ngapi, kwa sababu mwenye genge wa pale stendi yuko naye hapo na angependa kuzungumza.